ABEBE BIKILA: ASKARI ALIYEKIMBIA WIMA

Katika historia ya michezo ya Afrika, jina la marehemu Kapteni Abebe Bikila wa Ethiopia limekwisha kupata mahali pake pa heshima. Wengi humkumbuka kwa jambo moja: kwamba alishinda mbio za marathoni mjini Rome mwaka 1960 akiwa miguu mitupu. Habari hiyo ni ya kweli, lakini imefunika nyingine yenye faida zaidi kwa kijana apendaye kukimbia, nayo ni jinsi Abebe alivyoubeba mwili wake, tangu utosini hadi vidoleni.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Shewa. Ilisadifu kwamba siku hiyo hiyo marathoni ya Olimpiki ilikimbiwa mjini Los Angeles, Marekani. Utotoni alichunga mifugo na kucheza gena, mchezo wa Kiethiopia wa kupiga mpira kwa fimbo, ambao huwakimbiza vijana mbali mno. Baadaye alikwenda Addis Ababa, na katika miaka ya 1950 akaandikishwa katika Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie.

Jeshini ndiko alikokutana na mwalimu wake, Onni Niskanen, raia wa Sweden aliyefika Ethiopia mwaka 1946 na kufundisha makadeti na askari mazoezi ya viungo. Niskanen hakuridhika na mbio za masafa peke yake. Aliwakimbiza askari vilimani, akawapa mbio za kasi zenye mapumziko katikati, na kuwapima kwa saa. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Mahali kama hapo mtu apotezaye nguvu kwa miondoko isiyo na kazi hujulikana mapema.

UNYOOFU WA MWILI

Picha za sinema zilizopigwa Rome na Tokyo zingalipo, na kila azitazamaye huona jambo lile lile. Kichwa cha Abebe kimetulia. Macho yanatazama mbele, wala hayaangalii miguu. Mabega yameshuka. Mikono imekunjwa kiwikoni nayo inapita karibu na mbavu. Kiwiliwili kimesimama sawasawa juu ya nyonga, na mguu unatua karibu chini ya mwili wenyewe, kisha unaondoka ardhini upesi bila kishindo.

Na tufanye hesabu kidogo. Mtu apigaye hatua 180 kwa dakika atapiga hatua zaidi ya 24,000 kwa muda wa saa 2 na dakika 15. Iwapo katika kila hatua anajirusha juu sentimita 1 kupita kiasi, mwisho wa safari atakuwa ameunyanyua mwili wake mita 240 za bure, mfano wa mtu aliyepanda mlima ambao haumo njiani. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikiinama, misuli ya shingo na mgongo hulazimika kukishikilia njia nzima. Apindaye kiunoni hukibana kifua na kuyanyima mapafu nafasi. Nao mguu utupwao mbali mbele hugeuka kuwa breki.

Hata hivyo, msomaji asikosee. Unyoofu wa mkimbiaji ni tofauti na ukakamavu wa gwaride. Sisi tuliopitia shule ya makadeti twajua kusimama kifua mbele na mabega nyuma. Mkao huo ungemchosha mkimbiaji kabla ya kilomita ya 5. Gwaride humfunza askari kujua kila kiungo chake kiko wapi bila ya kukitazama. Mbio humtaka akilegeze kila kiungo kisichokuwa na kazi kwa wakati ule. Abebe alikuwa amejifunza yote mawili.

Wala mkao peke yake haumfanyi mtu kuwa bingwa. Emil Zátopek wa Czechoslovakia, naye mwanajeshi, alikimbia akitingisha kichwa na kukunja uso, na bado alitwaa nishani 3 za dhahabu mjini Helsinki mwaka 1952. Moyo, mapafu na mazoezi ndiyo mtaji. Mkao mwema ni njia ya kuutumia mtaji huo pasipo ubadhirifu.

ROME NA TOKYO

Viatu alivyopata Abebe huko Rome havikumfaa, ndipo ikaamuliwa akimbie kwa miguu yake mitupu. Mbio zilianza jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, na giza lilipoingia askari wa Italia waliangaza njia kwa mienge. Walibaki wawili mbele, Abebe na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Karibu na mwisho walipita penye mnara wa Axum, ambao majeshi ya Italia yaliuchukua kutoka Ethiopia mwaka 1937, nao ukarudishwa kwao mwaka 2005. Karibu na hapo Abebe aliongeza mwendo. Alishinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wote uliokwisha kupimwa duniani. Akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki.

Desemba ya mwaka huo wakuu wa kikosi chake walijaribu kuipindua serikali. Abebe alikamatwa, kisha akaachiliwa baada ya kuonekana hana hatia.

Mwaka 1964, wiki chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alipasuliwa kidole tumbo. Wengi walimkatia tamaa. Tarehe 21 Oktoba alikimbia, safari hii akiwa na viatu, na mwendo wake ulikuwa ule ule. Alimaliza kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akimwacha Basil Heatley wa Uingereza kwa zaidi ya dakika 4. Kisha, badala ya kuanguka chini, alianza kunyoosha viungo uwanjani mbele ya umati ulioshangaa. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

MITIHANI YA MWISHO

Huko Mexico mwaka 1968, mguu wenye maumivu ulimtoa njiani yapata kilomita ya 17, na askari mwenzake, Mamo Wolde, ndiye aliyeiletea Ethiopia ushindi. Machi 1969 gari alilokuwa akiendesha lilipinduka. Uti wa mgongo uliumia, na miguu ile haikutembea tena.

Alitibiwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Mwaka 1970 aliingia katika mashindano ya walemavu nchini humo, akishindana katika kulenga shabaha kwa upinde, mchezo ambao nao hudai mgongo ulionyooka na mkono mtulivu. Alifariki dunia tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41, na Mfalme alihudhuria mazishi yake.

Vijana wetu wakimbiao barabarani alfajiri, wengi wao hawana viatu vya fahari wala mwalimu kutoka ng'ambo. Lakini kuinua kichwa, kushusha mabega, kulegeza ngumi na kutua mguu chini ya mwili hakuhitaji fedha. Mtu na ayazoee hayo kidogo kidogo, angali na nguvu, ili uchovu utakapokuja umkute amekwisha kuwa na desturi njema. Abebe aliianza desturi hiyo angali askari wa cheo cha chini, wakati ambapo dunia haikumjua.