EDWARD STEERE: WAKILI ALIYEJIFUNZA KUSIMAMIA UJENZI



Vijana wengi wamalizapo shule hupenda kusomea ujenzi: barabara, madaraja, majengo na miradi ya maji. Baadhi yao hudhani kuwa kazi hiyo ni hesabu na michoro tu. Katika toleo hili tumeonelea vema tuwaeleze maisha ya mtu anayejulikana Masasi na Newala kwa mambo ya dini na lugha, lakini ambaye pia alisimamia miradi miwili mikubwa pasipo kusomea uhandisi. Mmoja uko Unguja na umesimama mpaka leo. Wa pili ulikuwa hapa kwetu Masasi, nao ulivunjwa kabla ya kutimiza miaka sita. Yote miwili ina mafunzo.

Kuzaliwa na masomo

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya juu ya sheria na kuwa wakili mwaka 1850. Baadaye aliacha uwakili akawa padri katika vijiji vya mkoa wa Lincolnshire. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Huko alijifunza Kiswahili kutoka kwa wenyeji, akaendesha mtambo wa kupiga chapa na kuwafundisha kazi hiyo vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Mwaka 1874 alifanywa askofu.

Kanisa la Mkunazini

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Uwanja wa soko hilo ulipatikana kwa misheni, na siku ya Krismasi mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Michoro ilitoka kwa msanifu wa Uingereza, C. F. Hayward. Msanifu alikuwa mbali, na msimamizi wa kila siku alikuwa Steere.

Hapo ndipo wakili alipoingia shule ya pili. Tatizo kubwa lilikuwa paa. Nyumba za mawe za Unguja zilijengwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Kwa kanisa pana boriti hizo zisingefaa. Steere akachagua paa la zege lililopindwa kama nusu ya pipa, ambalo halihitaji boriti hata moja. Mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa yalipatikana papo hapo kisiwani. Saruji ya Portland ililetwa kwa meli kutoka ng'ambo. Yaani kilichopatikana karibu alikitumia kwa wingi, na kilichotoka mbali alikiagiza kwa kipimo. Msimamizi yeyote wa leo anayengoja saruji katika msimu wa mvua anajua maana ya jambo hilo. Paa la namna hiyo lazima lishikiliwe kwa mbao mpaka zege ikomae. Ukiondoa mbao kwa haraka, umepoteza kazi yote na huenda na watu pia.

Wageni wafikao Mkunazini husimuliwa pia habari ya nguzo fulani ndani ya kanisa. Yasemekana Steere alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha kichwa chini miguu juu. Aliporudi aliziacha vile vile, nazo zinabeba mzigo wake mpaka leo. Wengi husikia kisa hicho wakacheka. Kwa mwanafunzi wa usimamizi ni somo: fundi hajui kilichomo kichwani mwa msimamizi, basi kabla ya kuondoka acha maelekezo yanayoeleweka na mtu wa kuyaangalia. Tena si kila kosa linastahili kubomolewa. Lililo la sura tu si sawa na lililo la nguvu za jengo.

Safari ya Masasi

Kanisa likiwa bado linajengwa, Steere alianza mradi wa pili. Shambani Mbweni, kisiwani Unguja, walikuwako watu waliokombolewa waliotaka kurudi bara. Mwaka 1875 Steere alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe kwa Mataka, mkuu wa Wayao, kuikagua njia na nchi. Leo tungeiita kazi hiyo upembuzi. Mwaka 1876 akarudi Lindi akiwa na kijana William Percival Johnson na watu huru zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake.

Shabaha ilikuwa kusonga mbele kuelekea Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi, chini ya vilima vya mawe, baadhi ya watu waliona wamekaribia kwao nao hawakutaka kwenda mbele zaidi. Steere hakuwalazimisha. Alibadili mpango, viwanja vikapimwa, nyumba zikaanza kujengwa. Watu hao walikuwa wamekwisha kuuzwa mara moja bila kuulizwa. Mradi uliokusudiwa kuwarudishia uhuru haungeweza kuanza kwa kuwaburuta. Baada ya muda mfupi Steere alirudi Unguja, akamwachia Johnson kazi. Mwaka 1877 akafika Chauncy Maples.

Kifo chake na yaliyofuata

Steere alifariki Unguja tarehe 27 Agosti 1882, kanisa lake likiwa limekwisha kupata paa, akazikwa humo nyuma ya altare. Mwezi uliofuata Wangoni, walioitwa Magwangwara, waliivamia Masasi. Kijiji kilivunjwa na watu wakachukuliwa mateka. Maples alihamia Newala, chini ya ulinzi wa Matola, mkuu wa Wayao wa huko.

Hapa hatuna budi kusema kweli. Mpango wa Masasi ulikuwa na viwanja, nyumba na mashamba, lakini haukuwa na jibu la hatari iliyojulikana katika nchi hii. Huko Unguja palikuwa na Sultani na amani ya mji. Huku bara ulinzi ulitegemea kupatana na wakuu wenye nguvu. Jambo hilo lilifahamika vizuri baada ya hasara. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo kazi haikufa, kwa sababu watu walikuwa wameandaliwa. John Swedi, aliyekombolewa akiwa mtoto, alifanywa shemasi na Steere mwaka 1879 akatumika huku kwetu. Cecil Majaliwa, naye aliyewahi kuwa mtumwa, alifanya kazi Chitangali tangu mwaka 1886. Masasi ilijengwa tena, ikachomwa tena katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa tena.

Basi ninyi mlioko madarasani, mtakapokabidhiwa mradi, ulizeni mambo manne: vifaa vinatoka wapi, watu wanataka nini, hatari iko upande gani, na nani atakayeendelea siku msimamizi asipokuwapo. Zege ya Mkunazini imedumu zaidi ya miaka 140. Nyumba za kwanza za Masasi hazikudumu hata sita, lakini waliojua kujenga walikuwapo, nao wakaanza upya.