Édouard Lucas, jamaa wa tarakimu 39

Kama umesomea kompyuta hata muhula mmoja, labda ulipewa ile kazi ya Mnara wa Hanoi: vijiti vitatu na visahani, unahamisha kimoja kimoja, na kikubwa kisikae juu ya kidogo. Mchezo huo ulitoka Ufaransa mwaka 1883 kwa jina la Profesa N. Claus de Siam. Hakukuwa na profesa kama huyo. Changanya herufi za jina lake upya na unapata Lucas d'Amiens, yaani Lucas wa mji wa Amiens.

Édouard Lucas alizaliwa huko Amiens mwaka 1842. Alifanya kazi katika kituo cha kuchunguza nyota cha Paris, akapigana vita dhidi ya Waprusia akiwa afisa wa mizinga, kisha akaishia kuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya upili. Ticha tu. Lakini alikuwa na kesi na nambari moja.

Andika 2 mara 127, uzidishe zote, halafu utoe 1. Unapata 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Je, hiyo ni nambari tasa, ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe? Mtawa Marin Mersenne alikuwa amesema ndiyo tangu 1644, bila ushahidi. Ukitaka kujaribu vigawanyo kimoja baada ya kingine, itabidi ufike karibu bilioni 13 mara bilioni moja. Utazeeka, na mjukuu wako pia.

Lucas alipitia mlango wa nyuma. Njia yake, vile Mmarekani D. H. Lehmer alivyokuja kuisafisha, ni hii: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa nambari unayoipima, weka baki peke yake, rudia. Chukua 31, ambayo ni 2 tano zikizidishwa, ukitoa 1. 4 inazaa 14. 14 inazaa 194, baki 8. 8 inazaa 62, baki 0. Sufuri hiyo ndiyo cheti: 31 ni tasa. Hatua tatu tu.

Kwa ile kubwa, hatua ni 125, na nyingi zinakutaka uzidishe tarakimu 39 kwa tarakimu 39. Kwa mkono, bana! Mwaka 1876 Lucas alitangaza jibu: ni tasa.

Mwaka huo huo alipima nyingine ya Mersenne, ya 2 zikiwa 67, akaikataa. Hakujua inagawanyika kwa nambari gani; alijua tu kwamba inagawanyika. Kwangu mimi hiyo inashinda hata rekodi. Vigawanyo vyenyewe vilipatikana 1903, na Frank Cole wa Marekani: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Rekodi ya tarakimu 39 ilikaa hadi 1951, mashine zilipoingia. Na ule mchezo? Visahani 3 vinahitaji hatua 7, visahani 5 hatua 31. Weka visahani 127 na hatua zitakuwa nambari ile ile yake, tarakimu zote 39.

Mwaka 1891, kwenye karamu ya kongamano la wanasayansi, mhudumu aliangusha sahani. Kigae kikaruka, kikamkata Lucas shavuni. Kidonda kikaingia maambukizi, na siku chache baadaye, Oktoba 3, akafariki. Alikuwa na miaka 49.