Mchezaji wa Sinema Aliyekuja Kuwa Waziri Mkuu

Tangu mwaka 1998 tamasha la filamu la Unguja limekuwa likiwatunza wachezaji hodari, na vijana wetu wa Wete, Chake Chake na Mkoani wayajua majina yao. Lakini twaona ni wachache wajuao kwamba mmoja wa wachezaji wa mwanzo wa sinema za Kiswahili alikuja kuwa Waziri Mkuu. Huyo ni marehemu Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita, na leo twapenda kuwakumbusha wanachama na wafanyakazi maisha yake.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1926 huko Matepwende, Songea, akasoma hata akafika skuli ya Tabora. Yasimuliwa kwamba aliiacha nafasi ya kwenda Makerere, akashika kazi ya mshahara ili awasomeshe wadogo zake. Akaajiriwa na Serikali ya kikoloni, na katika kazi ya maendeleo ya jamii akaingia katika sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alicheza Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Katika Muhogo Mchungu watu walimwona mtu wa shamba aingiaye Dar es Salaam na kulaghaiwa na wajanja wa mji.

Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kuwahudumia Wakikuyu waliowekwa kizuizini. Mwaka 1955 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, naye akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Watu wa shamba walioingia mjini kutafuta riziki, ambao sinema iliwachekesha watu kwa habari zao, sasa alisimama kuwatetea.

Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akajenge chama, na Kawawa akashika mahali pake. Hapa pana jambo ambalo mfanyakazi hana budi kulipima. Serikali iliyoongozwa na mtu wa vyama vya wafanyakazi ndiyo iliyopitisha, mwaka ule ule, sheria iliyofanya mgomo kuwa karibu haramu, pamoja na sheria ya kuweka watu kizuizini. Mwaka 1964 lile shirikisho alilolilea likavunjwa. Waliomtetea walisema nchi changa haiwezi kujengwa huku kazi zimesimama. Sisi twaona hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini twaona pia kwamba mfanyakazi alinyang'anywa silaha yake na mtu wa nyumbani mwake.

Mkewe, Bi Sofia Kawawa, hakuwa mke wa kukaa kivulini. Aliuongoza Umoja wa Wanawake, na mwaka 1988 alitoa rai juu ya sheria za ndoa na mitala. Waislamu wengi Unguja walighadhibika, wakaandamana, na watu wakapoteza maisha. Mwezi ule ule wa Mei, Chama kilimfukuza Maalim Seif Sharif Hamad, mwana wa Pemba, pamoja na wenzake. Katibu Mkuu wa Chama alikuwa Mzee Kawawa. Hatusemi haya ili kutonesha vidonda. Twasema kwa kuwa hakuna nyumba ya Pemba isiyokumbuka, na anayeandika maisha ya mtu kwa kuruka mabaya huandika sifa tu.

Bi Sofia alifariki mwaka 1994. Mwana wao Vita alikuja kuwa Mbunge wa Namtumbo. Mzee mwenyewe aliaga dunia tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa Madale, Dar es Salaam.

Ni nini basi kilichobaki kwetu? Twaona ni hili. Tarehe 9 Desemba 1962, Mwalimu alipoapishwa kuwa Rais, Kawawa alimwachia uongozi wa Serikali bila kinyongo, akawa Makamu wake. Baadaye akawa Makamu wa Pili wa Rais wa Muungano, tena Waziri Mkuu kuanzia 1972 hadi 1977, tena Waziri wa Ulinzi. Alipewa cheo kikubwa akakishika. Alipotakiwa kushuka, alishuka. Afrika imeona wengi waliokalia kiti hata wakaondolewa kwa bunduki.

Vijana wa leo na wapende sinema, wala hatuwazuii. Lakini wajue pia kwamba yuko aliyeanza humo, akatumikia nchi, akakosea na akapatia. Mungu amrehemu.