Oopjen Coppit na Utajiri wa Sukari

Oopjen Coppit alizaliwa mjini Amsterdam, Uholanzi, mwaka wa 1611, katika ukoo tajiri wa wafanyabiashara. Mwaka wa 1633 aliolewa na Marten Soolmans, kijana aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka miwili. Utajiri wa Marten ulitokana na sukari. Babake, Jan Soolmans, alimiliki kiwanda cha kusafishia sukari mjini humo. Sukari ghafi ililetwa kwa merikebu kutoka Brazil, ambako miwa ilikatwa na kushindikwa na watumwa, wengi wao Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki kama shehena.

Mwaka wa 1634 mchoraji Rembrandt aliwachora wanandoa hao wakiwa wamesimama, kila mmoja katika picha yake, kwa kimo cha binadamu halisi. Oopjen amevaa hariri nyeusi na ukosi mpana wa lesi nyeupe, na mkononi ameshika kipepeo cha manyoya. Ni kazi ya kustaajabisha, hilo halina ubishi. Hata hivyo, muwa hauonekani popote, wala mkono uliouchuma.

Marten alifariki mwaka wa 1641. Mwaka wa 1647 Oopjen aliolewa tena, na Maerten Daey, mwanajeshi aliyewahi kuitumikia Kampuni ya Kiholanzi ya West India huko Brazil. Kumbukumbu za kanisa za huko zinaonyesha kwamba Daey alimshikilia mateka mwanamke Mwafrika aliyeitwa Francisca, akambaka, naye akamzalia mtoto. Kama Oopjen aliyajua hayo, hakuna maandishi yanayothibitisha.

Oopjen alifariki mwaka wa 1689. Picha ziliuzwa kwa familia ya Rothschild mwaka wa 1877. Ajabu ni kwamba kwa muda mrefu zilidhaniwa kuwa za Daey na mkewe wa kwanza. Jina la Oopjen lilirejeshwa mwaka wa 1956, baada ya nyaraka kuchunguzwa upya. Mwaka wa 2016 Uholanzi na Ufaransa zilizinunua kwa pamoja kwa euro milioni 160. Mwaka wa 2021, katika maonyesho ya Rijksmuseum kuhusu utumwa, maisha ya Oopjen yalisimuliwa pamoja na ya Francisca, ambaye picha yake haijulikani kuwapo.