Mzee Stanley na hoteli iliyokula pesa zake

Nikitaja Stanley najua wengi mtakimbilia Ujiji, kwa yule aliyemtafuta Livingstone. Sio huyo jamani. Wa leo anaitwa Freelan Oscar Stanley, Mmarekani, na hoteli yake ndiyo iliyompa mwandishi Stephen King wazo la kitabu The Shining. Watu wengi wanaizungumzia kwa ajili ya mizimu. Mimi niliposoma habari zake, kilichonitisha zaidi ni hesabu.

Stanley alizaliwa tarehe 1 Juni 1849 katika mji mdogo wa Kingfield, jimbo la Maine. Alizaliwa pacha, mwenzake akiitwa Francis Edgar. Walikuwa vichwa hawa jamaa! Freelan alianza na kazi ya ualimu, halafu akaungana na pacha wake kutengeneza vioo vya kupigia picha, enzi ambazo filamu ilikuwa bado haijashika. Biashara ile iliwapa pesa ndefu, na mwaka 1904 wakaiuza kwa kampuni ya Eastman Kodak. Katikati ya hapo, mwaka 1897, walikuwa wameshaunda gari linaloendeshwa kwa mvuke. Mwaka 1899 Freelan na mkewe Flora walipanda Mlima Washington kwa gari hilo. Hakuna gari lililokuwa limewahi kufika kule juu.

Sasa angalia maisha yalivyo. Mwaka 1903, akiwa tajiri, kifua kikuu kikamkamata. Dawa ya uhakika ilikuwa haijapatikana, madaktari wa siku hizo walikuwa wakiwaambia wagonjwa wafuate hewa kavu ya milimani. Akaenda Colorado, akafika bonde la Estes Park, kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Alipofika alikuwa hoi. Msimu wa joto ulipokwisha, alikuwa anatembea vizuri na nguvu zimerudi. Akalipenda lile bonde kama mtu anavyompenda aliyemwokoa.

Ila kulikuwa hakuna mahali pa kufikia watu wa hadhi yake. Akasema basi najenga mwenyewe. Mwaka 1909 Hoteli ya Stanley ikafunguliwa: jengo kubwa, ukumbi wa muziki, taa za umeme. Na umeme huo wadau haukutoka kwenye gridi yoyote. Mzee alijenga mtambo wake wa maji kwenye mto Fall River. Wageni walikuja kwa treni hadi miji ya chini, kisha wakapandishwa mlimani kwa magari ya mvuke ya akina Stanley. Yaani usafiri wake, umeme wake, hoteli yake.

Mpaka hapo ni raha tupu, siyo? Sasa njoo kwenye daftari. Hoteli ilijengwa bila mfumo wa kupasha joto, kwa hiyo ilifanya kazi msimu wa joto tu. Miezi michache inaingiza, miezi inayobaki milango imefungwa, lakini jengo linataka rangi, paa na ulinzi mwaka mzima. Wageni wenyewe ni matajiri wa kuhesabika. Faida ikawa ngeni pale, na pengo likawa linazibwa na mfuko wa mzee.

Mimi naona hapo ndipo siri ilipo. Kwa Stanley ile hoteli ilikuwa shukrani na starehe ya uzeeni, na mtu halalamiki kugharimia shukrani. Shida ni siku anapokuja mwingine ambaye anataka ijilipe yenyewe.

Siku hiyo ilifika mwaka 1926. Stanley, akiwa na miaka 77, aliiuza kwa kampuni iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Kampuni haikufika mbali, madeni yakaizidi. Mwaka 1929 hoteli ikanadiwa, na aliyeinunua ni nani? Mzee yuleyule! Mwaka uliofuata akaiuza tena, safari hii kwa Roe Emery, mtu wa biashara ya usafiri wa watalii, ambaye angalau alikuwa na namna ya kuwaleta wageni.

Stanley alifariki Oktoba 1940 akiwa na miaka 91. Kifua kikuu kilichotaka kummaliza mwaka 1903 alikiacha nyuma miaka 37. Pacha wake alikuwa ametangulia mwaka 1918 kwa ajali ya gari.

Hoteli nayo iliendelea kuyumba. Stephen King alipolala pale mwaka 1974, ilikuwa inakaribia kufungwa kwa msimu, karibu tupu. Ule utupu uliozaa hadithi ya kutisha ulikuwa ni ugonjwa uleule wa mwaka 1909: baridi ikija, wageni hakuna. Mwaka 1995 ikaangukia tena kwenye ufilisi kabla ya kupata mmiliki mpya, na kitabu kile kikawa kivutio cha kuwaleta watu mwaka mzima.

Kwa hiyo wewe unayepanga kufungua kafe, saluni au gesti, jiulize: ukitoa mfuko wako pembeni, biashara itasimama mwezi wa pili? Na je, Mzee Stanley alikosea, au pesa yake alikuwa na haki ya kuitumia apendavyo? Uwanja ni wenu wadau, tiririkeni hapo chini.