Dave, mtumwa mfinyanzi aliyeacha jina lake kwenye udongo

Karne ya 19, katika wilaya ya Edgefield, jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, mtumwa hakuwa na kitu chake. Mwili wake, nguvu zake, watoto wake na kazi ya mikono yake, vyote vilihesabiwa kuwa mali ya bwana wake. Dave alizaliwa katika hali hiyo karibu mwaka 1801. Mabwana wake wamebaki kwenye karatasi za zamani tu, lakini yeye anajulikana leo katika makumbusho makubwa ya Marekani. Sababu yake ni moja: alikuwa anaandika jina lake kwenye mitungi yenye alitengeneza.

Kijana aliyewekwa rehani

Karatasi ya kwanza yenye kumtaja ni ya mwaka 1818. Bwana wake, Harvey Drake, alimweka rehani juu ya deni, vile mtu anaweza kuweka rehani shamba ao ng'ombe. Wakati huo Dave alikuwa kijana wa miaka karibu 17. Baada ya Drake, alipita mikononi mwa mabwana wengine wa jamaa za Drake, Landrum na Miles, zenye ziliungana kwa undugu, ndoa na biashara ya vyungu.

Aliyeanzisha biashara hiyo ni daktari Abner Landrum, mwenye pia alikuwa na gazeti, The Edgefield Hive. Watafiti wengi wanaona kwamba ni katika mazingira ya gazeti hilo Dave alipata nafasi ya kujua kusoma na kuandika.

Kazi yenyewe

Kazi ya vyungu Edgefield haikuwa ya mtu mmoja kando ya nyumba yake. Ilikuwa kiwanda. Watumwa walichimba udongo, wakaukanda, wakakata miti ya tanuru, wakachoma na kupakia mizigo kwenye mikokoteni. Fundi wa gurudumu ndiye alikuwa wa juu katika kazi, na Dave alikuwa fundi wa gurudumu.

Kabla ya kuchoma, vyombo vilipakwa maji mazito ya majivu ao chokaa, yenye kuchanganywa na mchanga na udongo. Ndani ya tanuru, kwenye joto la zaidi ya digrii 1,200, mchanganyiko huo uligeuka ngozi ngumu ya kung'aa kama kioo, yenye rangi ya majani ao ya kahawia. Mtungi wa namna hiyo hauvuji, na hauna sumu ya risasi yenye ilikuwa katika vyombo vingine vya wakati ule. Wenye mashamba walihifadhi ndani yake nyama ya nguruwe yenye chumvi na mafuta, chakula cha miezi mingi kwa watu wengi.

Maneno kwenye bega la mtungi

Udongo ukiwa bado mbichi, Dave alichukua kijiti chenye ncha na kuandika. Mara aliandika tarehe, mara jina lake, na mara nyingine shairi fupi la mistari miwili. Mtungi wa zamani zaidi wenye shairi lake unaojulikana ni wa Julai 1834.

Miezi michache baadaye, Desemba 1834, serikali ya South Carolina ilipitisha sheria kali. Mzungu aliyemfundisha mtumwa kusoma ao kuandika angeweza kufungwa miezi 6 na kulipa faini ya hadi dola 100. Mtu mweusi aliyefundisha, fimbo hadi 50. Tangu mwaka 1740 tayari kulikuwa na sheria yenye kukataza kumfundisha mtumwa kuandika. Wakubwa walijua kwamba mwenye kuandika anaweza kujiandikia ruhusa ya safari, na anaweza kupasha habari mbali.

Dave hakuficha maandishi yake. Aliyaweka kwenye bega la mtungi, mahali pa kuonekana, na mitungi hiyo iliuzwa mashambani kote. Kiisha, kuanzia mwaka 1840, mashairi karibu yanapotea kwa miaka 17. Yanarudi mwaka 1857, wakati Dave alikuwa kwa bwana Lewis Miles. Katika mtungi mmoja wa mwaka huo anauliza habari za jamaa zake. Katika nchi yenye watoto walikuwa wanauzwa mbali na mama zao, swali hilo halikuwa mchezo wa maneno.

Tarehe 13 Mei 1859, yeye na mtumwa mwenzake Baddler walimaliza mitungi miwili mikubwa kuliko yote, kila mmoja ukichukua karibu lita 150. Gurudumu peke yake haliwezi kuinua udongo mwingi namna hiyo. Sehemu ya chini inazungushwa kwanza, halafu juu wanaongeza udongo uliofinyangwa kama kamba nene, mzunguko juu ya mzunguko. Majina yote mawili yaliandikwa.

Wakongo wanafika Edgefield

Novemba 1858, merikebu Wanderer ilishusha kwa siri, kwenye kisiwa cha Jekyll jimbo la Georgia, watu zaidi ya 400 waliochukuliwa pwani ya Kongo. Biashara ya kuingiza watumwa ilikuwa imekatazwa Marekani tangu 1808. Sehemu ya watu hao walipelekwa Edgefield, na wengine wakaingia kazi ya vyungu. Miaka ile ile watumwa wafinyanzi wa huko walikuwa wanatengeneza vyombo vidogo vyenye sura ya mtu, macho na meno ya udongo mweupe. Watafiti wanaviunganisha na minkisi ya Wakongo, na pemba, ule udongo mweupe wa mambo ya wahenga.

Jina kamili

Vita vilipoisha mwaka 1865, Dave alikuwa mtu huru, mzee wa zaidi ya miaka 60. Katika hesabu ya watu ya 1870 anaandikwa kwa jina kamili, David Drake, fundi wa gurudumu. Katika hesabu ya 1880 hayupo tena.

Mwaka 2021 mtungi wake mmoja uliuzwa zaidi ya dola milioni 1.5. Yeye mwenyewe hakulipwa mshahara wa mitungi yenye alitengeneza utumwani. Mwaka 2025 makumbusho ya Museum of Fine Arts, mjini Boston, yalikubali kwamba mitungi yake miwili ni haki ya wazao wake. Yakairudisha kwao, kiisha mmoja yakaununua upya, safari hii kwa kulipa familia yenyewe.

Wazao wa Dave walikuwa na jina la kushika wakati wa kudai. Kazi nyingi za mafundi wa Kongo zenye ziko Tervuren, Ubelgiji, na kwingineko Ulaya, zina jina la kabila na la mzungu aliyezichukua. La fundi aliyezitengeneza, mara nyingi, halipo.