Mwalimu Enoch Sontonga na Daftari Lake

Wapenzi wasomaji, kabla sijawasimulia habari za mwalimu huyu, hebu niwaeleze kwanza jinsi nilivyoaibika. Ilikuwa Januari 2024, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika, siku Tanzania ilipocheza na Zambia. Tulikuwa tumejaa sebuleni kwa jirani, wakubwa kwa wadogo, macho kwenye runinga. Ukapigwa wimbo wa taifa wa kwanza, ukaisha. Ukapigwa wa pili, na lo, mahadhi yakawa yale yale! Mimi kwa kimbelembele changu nikasema kwa sauti kuwa wenye mitambo wamekosea, wamerudia wimbo wa Tanzania. Watu waliangua kicheko hadi nikatamani ardhi inimeze. Mzee mmoja akanihurumia, akanieleza kuwa nchi zote mbili hutumia mahadhi hayo, ila maneno ni tofauti. Nikamuuliza, basi mwenyewe hasa ni nani? Akajibu kuwa ni mwalimu fulani wa Afrika Kusini, lakini jina limemtoka.

Jina hilo ni Enoch Mankayi Sontonga. Kumtoka mzee yule si ajabu. Utakavyoona, jina hili limewatoka wengi.

Sontonga alikuwa Mxhosa, aliyezaliwa mnamo 1873 huko Uitenhage, katika sehemu ya mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema. Alisomea ualimu Lovedale, shule iliyoanzishwa na wamishonari wa Kiskoti na iliyokuwa maarufu sana kwa Waafrika wa kusini. Alipohitimu alitumwa mbali na kwao, akafundishe katika shule ya misheni ya Wamethodisti mahali paitwapo Nancefield, karibu na Johannesburg. Huko alimwoa Diana Mgqibisa, binti ya mchungaji, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume. Mbali na ualimu, alihubiri kanisani, aliongoza kwaya na alipenda kupiga picha. Naam, picha za kamera, miaka ile ya 1890! Huyu jamaa hakuwa mtu wa kukaa bure.

Msomaji, jaribu kuiwazia Johannesburg ya siku hizo. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa mwaka wa 1886, na palipokuwa nyasi tupu pakaota mji kwa miaka michache. Vijana wa Kiafrika walitoka kila upande kwenda kuchimba. Walilala kwenye kambi za migodi, mishahara ilikuwa haba, na walilazimishwa kutembea na vipande, kama walivyokuja kubebeshwa babu zetu hapa Kenya baadaye. Watoto aliowafundisha Sontonga walikulia humo. Inasemekana nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni, kwa sababu alitunga yale aliyoyaona. Mimi naona hilo ndilo lililomtofautisha na waimbishaji wengine wa misheni. Wao waliwafundisha watoto nyimbo za dini zilizotoka Ulaya, yeye akawatungia zao.

Alitunga kwa kutumia noti za solfa. Wanakwaya wenzangu mnazijua, zile herufi za do, re, mi tunazoandikiwa ubaoni kila msimu wa tamasha za muziki. Wamishonari walizieneza Afrika kwa kuwa hazihitaji piano wala mistari mitano ya muziki. Kalamu na karatasi vinatosha. Basi Sontonga alikuwa na daftari la kawaida, kama haya yetu, na humo ndimo alimoandika nyimbo zake zote, maneno na noti. Nia yake ilikuwa azichapishe siku moja ziwe kitabu.

Mwaka wa 1897, akiwa na umri wa miaka 24 hivi, aliandika humo wimbo mmoja wa sauti nne kwa lugha ya Kixhosa. Ulikuwa na ubeti mmoja tu na kiitikio. Akauita Nkosi Sikelel' iAfrika, yaani Mungu ibariki Afrika. Hakuwatungia wafalme wala wanasiasa. Aliwatungia wanafunzi wake, labda wengine wadogo kuliko sisi wa kidato cha tatu. Nami kila nikilifikiria jina la wimbo ule hushangaa. Mwalimu wa shule ndogo ya misheni, mtu ambaye serikali ya pale ilimwona si kitu, hakuomba baraka kwa kijiji chake, wala kwa Waxhosa peke yao. Aliliombea bara zima.

Mwaka wa 1899 wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, siku ya kumtawaza Mchungaji Boweni wa Kanisa la Methodisti. Baadaye mwaka huo huo vita vya Waingereza na Makaburu vikaanza, vikadumu hadi 1902. Kwaya ya Sontonga ilizidi kuimba, na kwaya nyingine zikaupenda wimbo, zikauchukua.

Halafu ghafla akafa. Alikuwa akisumbuliwa na tumbo, na mnamo tarehe 18 Aprili 1905 ugonjwa huo ukamwua. Inaelezwa kuwa kidole tumbo chake kilikuwa kimetoboka. Siku hizi mtu akiwahi hospitali hupasuliwa, na baada ya wiki chache yuko nyumbani akilalamikia uji. Sontonga alikuwa na miaka 32 hivi. Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, upande wa Waafrika. Nyimbo zake hazikuwa zimechapishwa, hata moja.

Daftari likabaki kwa mjane. Viongozi wa kwaya wakawa wanapiga hodi kwa Diana kuliazima, wananakili wimbo waupendao, wanarudisha. Diana hakuwanyima. Husimuliwa pia kwamba aliuza haki za wimbo ule mkuu kwa senti sita za Kiingereza, bei ya kitu kidogo cha dukani. Wengine humlaumu. Mimi siwezi. Mjane mwenye mtoto, katika mji ule, angejuaje kuwa alichoshika ni wimbo wa mataifa? Alifariki mwaka wa 1929.

Wakati huo wimbo wenyewe ulikuwa safarini bila mwenyewe. Kwaya ya shule ya Ohlange huko Natal, iliyoongozwa na Reuben Caluza, iliuimba katika matamasha ya Johannesburg na watu wakaupenda mno. Tarehe 8 Januari 1912, viongozi wa Waafrika walipokutana Bloemfontein kuunda chama kilichokuja kuitwa ANC, uliimbwa baada ya sala. Mwaka wa 1923 Sol Plaatje, mmoja wa waasisi wa chama hicho, aliuimba mjini London ukanaswa katika sahani ya santuri. Mwaka wa 1925 ANC ikaufanya wimbo wake wa kufungia mikutano. Na mwaka wa 1927 ukachapishwa ukiwa na beti saba zaidi zilizotungwa na mshairi Samuel Mqhayi, ambaye naye alipitia Lovedale.

Ukavuka mipaka. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 iliuchukua kwa maneno ya Kiswahili. Zambia ikaufuata ilipopata uhuru mwaka wa 1964, kisha mwaka wa 1973 ikautungia maneno mengine juu ya mahadhi yale yale, ndiyo maana mimi nikachekwa. Zimbabwe iliutumia tangu 1980 hadi 1994. Namibia nayo ilianza nao mwaka wa 1990 kabla ya kupata wake. Kwao Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, watu waliuimba kwenye mikutano na kwenye maziko ya wenzao waliouawa, ngumi zikiwa juu. Tangu 1994 ukawa wimbo wa taifa pamoja na ule wa zamani wa Makaburu, na mwaka wa 1997 nyimbo hizo mbili zikaunganishwa kuwa mmoja.

Sasa sikilizeni jambo lililoniuma. Nelson Mandela aliposhika urais mwaka wa 1994, mamilioni waliimba wimbo wa Sontonga lakini kaburi lake lilikuwa halijulikani liko wapi! Watu walikuwa wamelitafuta kwa miaka, wakipekua rejesta za makaburi ya Braamfontein, kila ukurasa, wakitafuta Sontonga. Wapi! Hakuna Sontonga. Kumbe karani wa mwaka wa 1905 alimwandika kwa jina la kwanza tu, Enoch. Ndivyo walivyoandikwa Waafrika wengi siku zile, kana kwamba hawakuwa na baba. Mtunzi wa wimbo wa bara zima alikuwa amelala pale miaka tisini kama Enoch fulani. Na sehemu yenyewe ilikuwa imekwisha kugeuzwa bustani, watu wanapumzika juu ya nyasi.

Walipolipata jina hilo waliweza kukisia mahali alipolazwa. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Mandela alikwenda pale mwenyewe, akazindua jiwe kubwa jeusi la kumbukumbu, na mahali hapo pakatangazwa kuwa mnara wa taifa. Serikali ikamtunuku Sontonga nishani ya dhahabu, miaka 91 baada ya kufa kwake.

Na lile daftari? Liliendelea kuazimwa kutoka mkono hadi mkono, mwisho likaangukia kwa bibi mmoja wa ukoo wao huko Soweto. Bibi huyu alikuwa na kioja chake. Alipenda ndondi kupita kiasi, hakukosa pambano hata moja, hata watu wakambandika jina la bibi wa ndondi. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilicheka peke yangu, nikasema basi, sasa daftari limepatikana. Lakini bibi alifariki karibu na wakati ule ule jiwe lilipozinduliwa, na walipolitafuta daftari kwake hawakuliona. Halijaonekana hadi leo. Zile nyimbo nyingine alizoziandika Sontonga, za huzuni, za watoto wake wa Nancefield, zilikuwa humo.